Miji Isiyo na Madiwani: Kitale na Bungoma

Neno diwani lilitufikia sisi watu wa pwani kutoka Uajemi na Uarabuni, likaja na maana zaidi ya moja. Kwetu watunzi, diwani ni mkusanyiko wa mashairi. Kwa watu wa siasa, diwani ni mjumbe wa baraza. Asili ya yote mawili ni daftari: Sayyidna Umar bin Khattab alipoweka daftari la majina na malipo ya askari, daftari hilo ndilo lililoitwa diwani. Na kule Vumba, kusini ya Mombasa, mtawala mwenyewe aliitwa Diwani, na siku ya kutawazwa kwake ililia siwa. Kwa hiyo niliposikia watu wa Kitale na Bungoma wangali wakimwita mjumbe wao "diwani", ilhali sheria imekwisha kumpa jina jingine tangu 2013, niliona si jambo la kupita nalo bure.

Kijana aliyezaliwa mwaka huo hajapata kuliona baraza la mji. Hebu tulieleze.

Kitale ni mji uliojengwa na walowezi. Ulianza kukua katika miaka ya 1920, na garimoshi likaufikia 1926 kwa tawi la reli lililochepuka upande wa Eldoret, lije kubeba mahindi ya mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Mwaka huo huo wa 1926 serikali ya kikoloni iliunda Tume ya Feetham kuangalia serikali za mitaa, na 1928 zikatungwa sheria mbili, moja ya manispaa na nyingine ya mabaraza ya wilaya za walowezi. Mwafrika aliyepalilia mahindi hayo na kuchimba mitaro ya mji alitembea na kipande shingoni. Kiti barazani hakuwa nacho.

Bungoma ilikuwa ng'ambo ya pili ya mpaka huo. Ile ni nchi ya Wabukusu, na mambo yake yalipitia baraza la wenyeji lililotokana na sheria ya 1924, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Disii. Mwaka 1950 mabaraza hayo yakafanywa mabaraza ya wilaya ya Waafrika, na 1956 watu wa upande wa Mlima Elgon wakapata wilaya yao, Elgon Nyanza, iliyotengwa na Nyanza Kaskazini. Kwa hiyo miji hii miwili, ambayo leo matatu huiunganisha kabla chai haijapoa, ililelewa na mama wawili tofauti.

Uhuru ulipokaribia, Kitale ikawa mwali anayeposwa na wengi. Ndani ya chama kimoja cha KADU, Masinde Muliro aliitaka iwe ya Jimbo la Magharibi, na Daniel arap Moi akaitaka Bonde la Ufa. Ikaenda Bonde la Ufa. Nalitaja hilo kwa sababu swali la Kitale ni ya nani limekuwa likisikika zaidi kuliko swali la Kitale inaendeshwaje, na naona hasara yake ni ya watu wa mji.

Mabaraza yaliyokuja baada ya uhuru yalikuwa na wajumbe wa namna mbili: waliochaguliwa na wananchi kata kwa kata, na walioteuliwa. Meya hakupigiwa kura na raia. Madiwani wenyewe ndio waliomchagua katikati yao, na Kenya nzima inakumbuka desturi ya kuwaficha wapiga kura hao hotelini hadi siku ya siku. Katika kata za Kitale yalikuwamo majina kama Machinjoni, Masaba na Kibomet, majina yanayokuonyesha mji ulivyo bila ramani. (Na mtaa mmoja wa makabwela unaitwa Shimo la Tewa! Mtu wa Mombasa akilisikia jina hilo maili mia kadhaa kutoka baharini hugeuka kutazama kama kuna maji.)

Nguvu zao hazikudumu. Kuanzia 1970 mabaraza ya wilaya, Bungoma likiwamo, yalinyang'anywa shule za msingi, zahanati na barabara, vikachukuliwa na serikali kuu. Mwaka 1973 kodi ya kichwa waliyoitegemea ikafutwa. Waziri naye aliweza kulivunja baraza akaweka tume, kama ilivyofanyiwa Nairobi kuanzia 1983 hadi 1992. Tusidanganyane: mengi ya mabaraza 175 yaliyokuwapo mwishoni yalijaa madeni, na wako madiwani waliogawa viwanja vya umma kama tende za futari. Sisemi yarudi yalivyokuwa. Nasema mwananchi alijua mlango wa kubisha.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza yakazikwa. Trans Nzoia ina wadi 25, Bungoma 45. Sasa itazame Kitale. Wadi ya Hospital imo katika eneo bunge la Kiminini, Tuwan na Matisi zimo Saboti, Bidii imo Kwanza. Mji mmoja umekatwa kama keki ya harusi, na bajeti yake hupitishwa na bunge ambalo wengi wake wametoka wadi za mahindi na maziwa. Bungoma ina nafuu kidogo, maana Township, Khalaba na Musikoma zote zimo Kanduyi. Lakini wadi tatu mbele ya 45 ni sauti ya kinubi kwenye ngoma. Ada za soko na za kituo cha matatu, zilizokuwa za baraza, huingia hazina ya kaunti.

Na manispaa je? Jina limerudi. Benki ya Dunia ilipotoa fedha za kusaidia miji 59, Kitale na Bungoma zikiwamo, kaunti zilitakiwa ziipe miji hiyo hati ya manispaa na bodi. Bodi hiyo haipigiwi kura. Kwa sheria ya 2011 ilivyorekebishwa 2019, wajumbe huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Viti vinne ndivyo vyenye harufu ya wananchi: majina yake hupendekezwa na jumuiya za wenye taaluma, wafanyabiashara, wachuuzi na wakaaji wa mitaa. Kitale ilihesabiwa na watu zaidi ya 160,000 mwaka 2019. Agosti 2027 watapewa karatasi sita za kura: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mjumbe wa wadi. Ya mji haimo.

Haya nilimsimulia mama mmoja muuza nyanya, aliyekuwa amenikaribisha kigoda nijikinge jua.

"Shehe," akasema, "hicho kiti cha wachuuzi ni chetu sisi?"

"Ni chenu, mama, mkiwa na jumuiya iliyoandikishwa."

"Tunayo. Tunazikana kwayo na kukopeshana." Akapanga nyanya zake upya, kubwa mbele. "Basi hebu niambie, anayepokea hilo jina ofisi yake iko wapi? Kesho siuzi mchana."

Nikamwandikia kwenye kipande cha gazeti: meneja wa manispaa, katibu wa bodi.