Mwana Akienda Kutafuta Ubingwa wa Tiba

Mara kwa mara baada ya sala ya Ijumaa hutujia wazazi na suali moja. Kijana wao ni daktari, amehudumu miaka kadhaa katika hospitali ya kaunti, na sasa ataka kwenda Uingereza kuongeza ujuzi. Mzazi huwa na khofu mbili. Ya kwanza ni gharama. Ya pili, ambayo huisema kwa sauti ya chini, ni kwamba mwana hatarudi.

Tumeona vyema, ndugu wasomaji, tueleze njia moja iliyo wazi. Uingereza ina Mpango wa Mafunzo ya Tiba, maarufu kwa herufi MTI, ulioanza mwaka 2009. Daktari kutoka nje hufanya kazi na kujifunza chini ya mabingwa hospitalini kwa muda usiozidi miezi 24, kisha hurejea kwao. Nchi za kipato cha chini na cha kati-chini hutangulizwa, na Kenya ni miongoni mwazo.

Daktari hudhaminiwa na mojawapo ya vyuo vya kifalme vya tiba, na kwa udhamini huo husamehewa mtihani wa PLAB. Lakini hasamehewi lugha: akifanya IELTS, yampasa apate wastani wa 7.5, na kila sehemu isipungue 7. Vyeti vyake huhakikiwa kabla ya kusajiliwa na baraza la madaktari la huko, GMC.

Hapa wazazi wengi hukosea. Miezi hiyo haimpi daktari cheti cha ubingwa cha Uingereza. Humpa mkono uliozoea na jicho lililoona mengi, navyo ndivyo mgonjwa avitakavyo. Kwa hivyo, dalali akiwaahidi cheti na makaazi ya kudumu kwa njia hii, zuieni fedha zenu.

Tena si lazima kila safari iwe ya ng'ambo. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoasisiwa 1999 na chenye makao yake Arusha, hufunza wapasuaji papo hapo katika hospitali za ukanda wetu. Mwanafunzi hujifunza huku akiwatibu watu wa kwao.

Imam Ghazali, katika Ihya Ulumuddin, aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya: wakitosha wanaousimamia, wengine husalimika, wakikosekana, mji mzima una dhima. Basi ni nyumba ngapi za Pwani zimemsafirisha mgonjwa usiku kwa basi hadi Nairobi kumtafuta bingwa asiyepatikana karibu? Dhima hiyo si ya daktari peke yake.

Twawaomba wazazi wasimzuie kijana, bali wakae naye kabla ya safari na kuahidiana waziwazi. Twaziomba kaunti zimpe ruhusa ya masomo na kumhifadhia nafasi yake, kwani arudiye akakuta mlango umefungwa na vifaa hakuna, ataondoka tena, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu. Wazee wetu mabaharia walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nasi tuhakikishe ngama haivuji.