Beit-el-Ajaib: Jumba la Chuma na Chokaa



Kila aliyeshuka Forodhani, Unguja, amelipita jumba la Beit-el-Ajaib. Wengi twalijua jina. Wachache twajua lilivyojengwa. Yafaa tueleze kwa ufupi.

Jumba hili lilijengwa na Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883, kwa ajili ya sherehe na kupokelea wageni. Hazina yake ilijaa kwa ushuru wa bandari za mrima, kama Tanga na Pangani, zilizokuwa chini ya bendera yake wakati ule, na kwa ushuru wa karafuu. Basi jasho la wachumaji, ambao wengi wao siku hizo walikuwa watumwa, limo katika kuta zile.

Nyumba za Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ni fupi, ndiyo sababu vyumba vyake huwa vyembamba. Seyyid Barghash alitia nguzo na mihimili ya chuma. Ndipo kumbi zikapata upana, na baraza zikalizunguka jumba ghorofa kwa ghorofa. Tena ndilo lililotangulia mjini kuwashwa taa za umeme. Watu wakaliita la ajabu.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Beit-el-Hukm, jirani yake, ikabomoka, Beit-el-Ajaib ikasalimika. Mwaka 1897 likaongezwa mnara wa saa mbele yake. Tangu 1911 likawa ofisi za serikali, na miaka mingi baadaye makumbusho.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Yafaa sote tuzingatie. Maji yakipenya darini, boriti huoza. Chuma kikishika kutu huvimba, kikaupasua ukuta. Na mwenye kupaka saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani, ingawa kwa nje huonekana imara. Basi kila mwenye nyumba ya mawe au ghala la karafuu apande juu atazame paa na michirizi kabla ya masika, na atengeneze kwa chokaa. Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.