Picha ya Potwe: Tafuta Ubavu, Acha Mdomo

Huenda nawe umewahi kurejea kutoka matembezini, ukawaonyesha watoto picha ulizopiga, nao wakauliza, "Mnyama mwenyewe yuko wapi?" Ukabaki kuwaelekeza kwa kidole: ni kile kidoa cheusi, pale nyuma ya wimbi. Aghalabu tunailaumu kamera. Lakini mara nyingi kosa ni letu, tuliomwendea mnyama bila kuujua mwenendo wake.

Kisiwa cha Mafia ni mahali pazuri pa kujisahihisha, kwa kuwa huko yuko samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye huwashinda wapiga picha wengi. Huyo ni papa potwe. Wakati wa kaskazi, kati ya Oktoba na Machi, potwe huja karibu na Kilindoni kutafuta uduvi na viumbe wengine wadogo wanaoelea juu ya maji. Zamani ilidhaniwa kwamba kaskazi ikiisha nao huhama. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015, uliofanywa kwa kuwafunga potwe vyombo vidogo vya kutoa mlio, ulionyesha kwamba wengi hawaendi mbali. Husogea tu kwenye maji ya kina zaidi, tusikowaona.

Mgeni akimwona potwe kwa mara ya kwanza hutamani kuupiga ule mdomo mpana. Naam, mdomo wenyewe ni wa ajabu, ingawa mwenye nao hali watu. Lakini ili uupate, yakubidi umkingame njiani, naye akikingamwa huzama. Utakachopata ni mkia. Mwandishi wa makala haya anazo picha kadhaa za mikia, wala hamwonyeshi mtu.

Tafuta ubavu. Nyuma ya nyufa tano za kupumulia, juu ya pezi, pana madoa meupe ambayo mpangilio wake hutofautiana kati ya potwe mmoja na mwingine, kama zilivyo alama za vidole vyetu. Ni kwa ajili ya madoa hayo watu wa pwani ya Kenya humwita papa shilingi. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza njia ya kuyalinganisha kwa kompyuta, na hesabu yenyewe waliiazima kwa wataalamu wa nyota, waliokwisha kuitumia kutambua makundi ya nyota angani. Bila picha za namna hiyo, mtu hawezi kujua kama ameona potwe kumi au ameona mmoja mara kumi. Na kuwahesabu ni jambo la lazima, kwani tangu mwaka 2016 potwe amewekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Basi toka asubuhi mapema, bahari ikiwa shwari. Mwombe nahodha asimamishe mashua kando, mbali kidogo na samaki, nawe uteremke majini polepole bila kishindo. Ogelea sambamba naye, ukimwachia nafasi ya mita 3 au zaidi, na umwache akupite. Usimguse kamwe. Jua liwe mgongoni pako. Usizame sana, maana kadiri unavyoshuka ndivyo rangi nyekundu inavyopotea na picha kuwa ya kibuluu tupu. Taa ya kamera izime kabisa: maji anamolia potwe yamejaa chembe, na taa ikiziangaza, picha yako itakuwa kama imepigwa ndani ya mashine ya kusaga unga. Wenye kutumia simu katika mfuko usiopitisha maji wakumbuke kwamba kioo hakisikii vidole majini. Tumieni kitufe cha sauti kilicho ubavuni mwa simu.

Upande wa pili wa kisiwa, huko Chole, popo wakubwa walao matunda hulala mchana juu ya miti, wakiwa wazi kabisa. Usirushe jiwe ili waruke. Subiri magharibi, wataruka wenyewe, na anga jekundu litakuchorea mbawa zao bila gharama. Katika Kisiwa cha Juani, watoto wa kasa wanapoanguliwa hufuata mwanga ili waifikie bahari. Taa moja tu ya kamera yaweza kuwageuza njia wakarudi nchi kavu. Nuru ya jua ikiisha, funga kamera.

Ukisharudi mjini, chagua picha moja ya ubavu, hasa ule wa kushoto, iliyo safi kuliko zote. Andika tarehe na mahali ulipoipiga, kisha uipeleke kwa njia ya intaneti katika daftari la kimataifa liitwalo Sharkbook, ambalo hupokea picha za mtu yeyote. Huenda wakakujibu kwamba potwe wako ni mgeni asiyejulikana, au kwamba mtu mwingine alikutana naye hapo hapo Kilindoni miaka mingi iliyopita.