Uzito wa Kamyo ni Jambo la Afya



Safari hii hatutasema juu ya malaria wala juu ya maji ya kunywa. Tutasema juu ya makamyo. Labda mtauliza: mambo ya makamyo yanamhusu mganga kwa nini? Jibu ni fupi. Wanaoumia barabarani wanaletwa kwetu.

Zamani shaba yetu ilisafiri hasa kwa treni. Reli ilifika Sakania mwaka 1909, na Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Siku hizi shaba nyingi inapita barabarani: Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, Kasumbalesa, halafu Zambia, mpaka bandari za Dar es Salaam na Durban. Mtu anayetoka Mwadingusha kupeleka samaki zake Likasi, akifika kwenye lami anakutana na makamyo hayo.

Sheria inapima nini?

Sheria inapima mambo mawili. La kwanza ni uzito wa gari zima pamoja na mzigo. Zambia inashika tani 56. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliandika tani 56 katika sheria yake ya mwaka 2013. Ulaya kipimo cha kawaida ni tani 40. Marekani ni libra 80,000 katika barabara zao kuu, karibu tani 36.

La pili ni uzito wa kila ekseli, ndicho chuma kinachoshika magurudumu ya kuume na ya kushoto. Katika sheria ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele, ile ya usukani, ni tani 8. Ekseli mbili zinazofuatana ni tani 18. Tatu zinazofuatana ni tani 24. Hesabuni wenyewe: 8 na 18 na 24 ni 50. Kamyo la ekseli sita za namna hiyo haliwezi kufika tani 56. Likitaka kufika, liongezewe ekseli.

Kwa nini ekseli?

Miaka ya 1958 mpaka 1960, katika jimbo la Illinois kule Marekani, mainjinia walijenga barabara za kujaribia, wakapitisha makamyo juu yake kwa miaka miwili. Waliona jambo la kushangaza. Ekseli ikiongezewa uzito mara mbili, haiumizi barabara mara mbili tu, bali karibu mara 16. Ekseli ya tani 13 inaumiza karibu mara tatu kuliko ya tani 10. Tani tatu za kuiba zinakula barabara ya makamyo matatu.

Wazee walisema: bandu bandu huisha gogo. Lami inapasuka kidogo, mvua inaingia katika ufa, udongo wa chini unalegea, shimo linafunguka. Shofere anahama upande wake ili kukwepa shimo, na huko anakutana na basi. Kwa hiyo aliyezidisha mzigo mwezi wa kwanza anaweza kumuua mtu mwezi wa sita, bila hata kuwapo.

Wanaobishana wanasema nini?

Wenye mizigo wanasema: kamyo kubwa linapunguza safari. Si uongo. Tani 300 zikibebwa tani 30 kwa safari moja, ni safari 10. Zikibebwa tani 20, ni safari 15. Safari chache ni mafuta kidogo, na nafasi chache za kugongana.

Wengine wanajibu: kamyo zito likigonga, linaua zaidi, na madaraja yetu hayakujengwa kwa kila uzito. Tena wako wanaosema shaba irudi kwenye reli. Mwisho wa mwaka 2023, shaba ya Kolwezi ilianza tena kwenda Lobito, Angola, kwa treni.

Sisi wa dispansari tunaona hivi: ukubwa peke yake si adui. Adui ni mzigo uliozidi nguvu ya ekseli, ya freni na ya barabara. Kamyo likiwa zito mara mbili, freni zinapaswa kumeza nguvu mara mbili. Likienda mbio mara mbili, ni mara nne. Kwenye mteremko freni zinapata moto, na zikipata moto sana hazishiki tena.

Tulipokea siku moja shofere aliyevunjika mguu. Alituambia: «Nilisikia freni zinanuka. Nilijua mzigo umezidi. Lakini tajiri alisema, safari hii moja tu.» Safari hiyo moja ilimlaza miezi minne, na watoto wake wakafukuzwa shule juu ya minervali.

Mambo ya kushika

1. Shofere, uliza uzito kabla ya kuondoka, na angalia mipira na freni. Mteremko uteremke kwa gia ndogo tangu juu. Ukisikia harufu ya freni, simama mahali pa usalama, ngoja zipoe.

2. Msafiri, usipande juu ya mizigo. Kamyo likiinama kidogo tu, wewe ndiwe wa kwanza kuanguka.

3. Mama, wafundishe watoto kwamba kamyo lenye mzigo haliwezi kusimama ghafula, hata shofere akiwaona.

4. Gari la mafuta likipinduka, kimbieni mbali. Sange, katika Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, watu walikwenda kuchota mafuta; moto ulipowaka, zaidi ya watu 200 walikufa.

5. Gari la asidi nalo msilisogelee. Februari 2019, kwenye barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, ajali ya kamyo la asidi iliua karibu watu 20. Mtu akimwagikiwa, mvueni nguo upesi, mmwagieni maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, halafu mleteni kwetu. Msimpake mafuta wala dawa ya nyumbani.

Ndugu shofere, siku utakapoambiwa «safari hii moja tu», kumbuka yule wa miezi minne. Heri kugombana na tajiri asubuhi kuliko kukutana nasi jioni.

Kazi njema, na mrudi nyumbani wazima.