Stesheni Isiyo na Karani

Wengi wetu tumezoea kuona stesheni ya reli ikiwa na mkuu wake na karani wa tikiti dirishani. Kwa hiyo nilistaajabu niliposoma habari za Kishi, stesheni ndogo katika mji wa Kinokawa, Japani, ambayo makarani wake waliondolewa mwaka wa 2006, na hata hivyo watu huendelea kupanda treni hapo kwenda kazini na shuleni. Nimeona vyema kuwaeleza wasomaji jinsi inavyowezekana.

Njia hiyo yatoka Wakayama mpaka Kishi, kilomita 14.3, nayo ina stesheni 14. Treni ina mabehewa mawili, na mfanyakazi wake ni dereva peke yake. Abiria hupandia mlango wa nyuma wa behewa la kwanza, akatwaa kikaratasi chenye namba ya stesheni aliyopandia. Mbele, karibu na dereva, pana ubao wa namba, na kwa kila namba huonyeshwa nauli, ambayo huzidi kadiri treni inavyokwenda. Afikapo kwake hutazama namba yake, hutia kikaratasi na fedha katika kisanduku mbele ya macho ya dereva, kisha hushuka. Mwenye noti yampasa aivunje mapema katika mashine iliyopo, ama sivyo treni nzima itamngoja! Basi kazi ya karani haikutoweka, ila wamegawana dereva na abiria. Lakini mzee aliyepotelewa na kikaratasi amwulize nani, naye dereva ana treni ya kuendesha?

Sababu ya haya yote ni fedha. Abiria walipungua, na kampuni ya Nankai ikataka kuiacha njia hiyo. Wakazi walipinga isifungwe, serikali za mitaa zikanunua ardhi yake, na Aprili 2006 kampuni mpya ikaipokea.

Januari 2007 kampuni hiyo ilimteua paka wa jirani, aitwaye Tama, kuwa Mkuu wa Stesheni ya Kishi. Alivikwa kofia ya kazi, na mshahara wake ulikuwa chakula cha paka. Wenzangu bwenini walicheka sana nilipowasimulia. Lakini watu walitoka mbali kuja kumtazama, na kila mmoja alilipa nauli. Alipokufa Juni 2015, maelfu walihudhuria mazishi yake, na paka mwingine, Nitama, akashika cheo.

Wako wasemao kuwa Tama ndiye aliyeiokoa reli. Mimi sikubali. Alipovikwa kofia ilikuwa imepita miezi tisa tangu wale wakazi waliopinga kupata treni yao.