Kuchagua Plagi na Koili za Motokaa ya Mbio

Katika Shika Adabu, upande wa Likoni, kama katika mitaa mingine ya Mombasa, wako vijana wapendao motokaa za mbio, hasa Subaru Impreza, ambayo ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1997 na tena mwaka wa 2000. Nyingi huletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika, na haupiti muda mrefu kabla mwenyewe hajahitaji plagi au koili mpya. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha zao bure.

Kwanza yafaa kujua kazi ya vyombo hivi. Betri hutoa umeme wa volti 12 tu. Koili huuzidisha mpaka ufikie volti 20,000 na zaidi, kisha plagi huugeuza kuwa cheche ndani ya silinda, ikawasha petroli. Kimoja kikiharibika, injini hutetemeka na nguvu hupungua. Gari la namna hiyo laweza kuzimika penye mteremko wa kupandia feri ya Likoni, katikati ya umati wa watu waendao kwa miguu.

Kabla ya kununua, fundi hana budi kupima. Ikiwa kila silinda ina koili yake, na aiondoe ile inayoshukiwa, aibadilishe na ya silinda nyingine. Kasoro ikihama pamoja na koili, koili hiyo ndiyo mbovu. Ikibaki pale pale, aitazame plagi. Tena asisahau kwamba chumvi ya upepo wa bahari hula viungo vya nyaya. Pengine koili ni nzima, na linalohitajiwa ni kusafisha kutu tu.

Koili mpya yapasa iwe na namba ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Zile zinazosifiwa kuwa na nguvu mno kwa kawaida haziongezi mwendo wa injini ambayo haikubadilishwa.

Katika plagi, jambo kubwa ni joto. Plagi ya moto hulishika joto lake; plagi ya baridi hulitoa upesi. Injini yenye tabo, yaani chombo kinachosukuma hewa nyingi ndani ya silinda, huhitaji plagi ya baridi zaidi. Ikitiwa iliyo moto mno, petroli huwaka kabla ya wakati wake, na pistoni yaweza kutoboka. Iliyo baridi mno nayo hujaa masizi. Hapa namba huwadanganya watu: kwa plagi za NGK na Denso, namba kubwa ni baridi zaidi, kwa za Bosch na Champion, namba kubwa ni moto zaidi. Basi mtu asilinganishe namba za kampuni mbili kwa macho tu.

Mwisho, plagi bandia ni nyingi, ijapokuwa Kenya ilitunga sheria ya kuzizuia bidhaa za namna hiyo mwaka wa 2008. Bei ikiwa chini kupita kiasi, au maandishi yakifutika kwa kidole, ni heri kuiacha. Plagi nzuri ifungwe injini ikiwa imepoa, ianzwe kwa mkono, ndipo spana ifuate. Gharama ya plagi nne za kweli ni ndogo sana kuliko gharama ya kuifungua injini nzima.