Fahamu: Ugonjwa wa kujihisi umetengana na nafsi
Ugonjwa huu wa akili humfanya mtu ajihisi kama mtazamaji wa mawazo, mwili na matendo yake mwenyewe, na kwa kuwa mara nyingi huambatana na kuyaona mazingira kuwa si halisi, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013 uliziunganisha hali hizo mbili. Tofauti na saikosisi, yaani kupoteza uwezo wa kutambua uhalisia, mgonjwa hujua kwamba anayoyapitia ni hisia tu. Hisia hizo zaweza kumpata yeyote kwa muda mfupi kutokana na uchovu, hofu kali au bangi, lakini huhesabiwa kuwa ugonjwa zinapodumu au kujirudia na kuvuruga maisha, na tiba yake kuu ni ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia.